Kichupa cha Shemeji

Jumamosi, tarehe 2 Machi

Nimevunjiwa heshima. Mchana kweupe, mbele ya bucha langu, chini ya turubai nililolitundika kwa mikono yangu!

Nesi wa zahanati alikuja kuomba asimame kivulini azungumze kidogo na watu kuhusu afya. Nikajua ni mambo ya mbu. Nikamwambia karibu, nikamtolea na kiti. Kumbe najipalia makaa. Akatundika picha ya utumbo kwenye ndoano yangu. Ndoano ya kutundikia paja la ng'ombe! Akaanza: saratani ya utumbo mpana. Akasema anayekula nyama nyekundu kila siku anajiongezea hatari, na kwamba soseji ndizo mbaya zaidi. Wakati huo nilikuwa nampimia mama mmoja soseji. Mama akasema ngoja kwanza baba, akaondoka na kikapu kitupu.

Hakuishia hapo. Tumbaku. Pombe. Unene. Kukaa siku nzima bila kuutikisa mwili. Alipofika kwenye unene akanitazama mimi, na watu wote wakanitazama mimi. Jirani yangu, mama muuza mboga, ambaye tangu afungue genge lake hajanisalimia hata siku moja bila mimi kuanza, alikuwa anaitikia kama amelipwa. Mboga za majani? Hasa! Maharage? Waambie nesi! Nafaka isiyokobolewa? Ndiyo dawa hiyo! Na alikuwa anafunga mafungu ya mchicha huku anaitikia.

Mimi nimeosha utumbo tangu ujana wangu. Wa ng'ombe, wa mbuzi, wa kondoo. Leo binti wa juzi ananifundisha utumbo!

Uzalendo ukanishinda. Nikasema kwa sauti kwamba nina miaka hamsini na minne, nala nyama asubuhi na jioni, na sijui kitanda cha hospitali kina rangi gani. Anipime! Na ampime shemeji yangu anayeishi kwa majani, tuone mzima ni nani! Watu wakashangilia. Nesi akatabasamu. Akasema vizuri sana mzee, kila aliyevuka arobaini na mitano inafaa apime hata kama haumwi popote. Akafungua mkoba, akanipa vichupa viwili.

Mzee! Mimi!

Jumapili, tarehe 3 Machi

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Alikuwa mwalimu wa michezo, amestaafu, na amehamia chumba chetu cha uani pamoja na filimbi yake. Anakimbia kila asubuhi na kila jioni. Anatafuna karoti mbichi mezani, kru kru kru, huku ananitazama ninavyokata nyama. Juzi aliniambia shemeji, hilo tumbo lako linatangulia kufika kuliko wewe. Katika nyumba yangu! Juu ya kiti changu!

Mke wangu haambiliki kuhusu kaka yake. Wazazi wao walifariki yeye akiwa mdogo, na ni kaka huyo aliyemsuka nywele, akampeleka shule, akamwendea vikao vya walimu. Nikisema neno moja juu ya karoti, nasomewa historia hiyo yote tangu mwanzo.

Kichupa chenyewe ni kidogo. Ndani ya kifuniko kuna kijiti. Unachoma choo chako kwa kijiti, unarudisha, unafunga, unabandika kibandiko chenye jina. Maabara wanatafuta damu isiyoonekana kwa macho. Shemeji alikipokea kama kikombe cha ushindi. Alikuwa amemaliza kabla ya chai. Akanawa mikono, akaandika jina lake kwa mwandiko wa ubaoni, akakiweka dirishani bafuni. Akaniuliza wewe je, bado?

Bado! Tangu jana tumbo limefunga mlango. Mambo haya hayaendi kwa amri.

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Imewezekana. Kichupa changu kimekaa karibu na cha shemeji.

Na hapo ndipo mawazo yakaanza. Je, kama changu kina damu? Nimetangaza mbele ya mtaa mzima. Majibu yakija mabaya nani atanunua hata mfupa wa supu kwangu? Watasema nyama yake imemla mwenyewe. Muuza mboga atapanua genge mpaka mlangoni kwangu. Na kusema kweli si bucha tu. Usiku uliopita nilijipapasa tumbo, nikahesabu soseji za miaka thelathini, nikasikia baridi miguuni.

Nikafikiri. Shemeji hali nyama. Havuti. Hanywi. Anakimbia kama anadaiwa. Kama kuna utumbo safi katika mtaa huu, ni wake. Kwake majibu mazuri hayana kazi, anayo mengi. Mimi ndiye mwenye shida nayo.

Alipotoka kukimbia jioni nilikibandua kibandiko chake kwa kisu chembamba cha kutolea mifupa. Na changu. Nikavibadilisha. Kisu hakikuteleza hata kidogo. Miaka thelathini kwenye gogo la nyama si mchezo! Kile chenye jina lake (yaani changu) kikiwa na damu, basi atakwenda kupimwa zaidi, ataonekana mzima, yataisha. Hakuna anayeumia. Nimejipongeza kwa kipande cha ini.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Dhuluma! Dhuluma tupu!

Nilikwenda zahanati kifua mbele, na nusu ya mtaa nyuma yangu. Nesi akaniomba niingie ndani. Nikasema sina siri, aseme hapo hapo barazani. Akasema majibu ya mtu ni ya mtu, niingie. Nikawageukia watu nikawaambia mnaona, ameshindwa! Wakacheka. Nikaingia nacheka.

Damu imeonekana. Kwangu!

Akanieleza polepole, kama anaongea na mtoto aliyeanguka. Akasema damu si lazima iwe saratani, inaweza kuwa bawasiri au kidonda, lakini aliyeonekana na damu haachwi hivi hivi, lazima aingizwe kamera hospitali kubwa. Akaniandikia niende Ijumaa. Ya shemeji, aliyepewa yake baada yangu, safi kabisa.

Nilitoka nje. Nikawaambia watu majibu yamechelewa. Lakini uso wangu haujui kuficha, na aliyesalimika naye akanimaliza. Shemeji alizunguka mtaa mara mbili akipuliza filimbi. Hadi saa saba nilikuwa nimeuza nusu kilo, tena kwa mwenye mbwa. Foleni ya mboga ilifika kwenye ngazi yangu!

Nilikaa nyuma ya gogo nikitukana kimoyomoyo. Utumbo wangu umenisaliti! Kisha nikakumbuka. Kile kichupa si changu. Changu ndicho safi! Mimi, mla nyama, msafi kama sahani mpya! Nilisimama nikacheka peke yangu, nikatamani niingie genge la yule mama wa mboga nimtangazie.

Kicheko kikakatika chenyewe. Kama changu ndicho safi, mwenye damu ni nani?

Shemeji akapita mlangoni anakimbia. Akanipungia mkono.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Sijala. Mke wangu anadhani ni kwa ajili ya majibu yangu. Kanipikia uji laini, kanifunika miguu. Kila akinifunika naona aibu.

Kusema? Kwa mdomo upi? Nimesikia wezi wa kuku. Nimesikia wezi wa nguo kwenye kamba. Mwizi wa choo sijawahi kumsikia duniani. Nitakuwa wa kwanza. Watoto watanitungia nyimbo.

Ila nimemwangalia vizuri shemeji leo. Suruali imemlegea. Nikamwambia, kama utani, kwamba amekonda. Akasema ni mazoezi. Kisha akasema, kama utani naye, kwamba siku hizi akifika kona ya pili anasimama kidogo, pumzi inakata. Uzee, akasema. Akacheka. Mimi nimeshindwa kucheka.

Picha ya nesi ilikuwa na haya yote pembeni. Kukonda, uchovu, damu, choo kubadilika. Niliyasoma Jumamosi ile nikitafuta makosa yake.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Nimepata njia. Nimekwenda kwa nesi, nimemwambia maabara wamechanganya vichupa. Huenda mtu wa karoti ndiye mwenye damu, wasimwone mzima kwa sababu ya karoti tu. Wapime wote wawili upya.

Alikasirika kwa adabu. Akasema vichupa vina majina. Akasema saratani haichagui: hata anayekula vizuri anaweza kuipata, kwa umri, kwa damu ya ukoo, au bila sababu inayojulikana. Kula vizuri kunapunguza hatari, hakuifuti, ndiyo maana anahimiza kupima. Na aliyeonekana na damu harudii kichupa, anakwenda kwenye kamera.

Nikasema basi na shemeji aende kwenye kamera, kwa kuwa ni ndugu yangu. Akauliza ndugu wa damu? Nikasema wa nyumba moja, tunakunywa maji ya mtungi mmoja. Akasema shemeji hahesabiki, wanaohesabika ni wazazi, watoto na ndugu wa kuzaliwa. Akanishika bega akasema ni kawaida kuogopa, mzee.

Naogopa, ndiyo. Ila si anavyodhani yeye. Na asiniite mzee!

Jumatano, tarehe 13 Machi

Naandika ili isipotee: mimi ni mtu mwenye akili.

Hospitali walinipa pakiti ya unga wa kusafisha tumbo. Unachanganya na maji, unakunywa jagi zima, unaharisha mpaka unabaki mtupu, ndipo kamera iingie. Siku moja kabla huli kitu kigumu. Leo jioni nilimwambia shemeji kwamba wagonjwa wengi hushindwa kumaliza jagi. Nikamwambia linahitaji mtu mwenye roho ngumu, si hawa wa kukimbiakimbia barabarani.

Aliweka karoti chini. Akauliza nina maana gani.

Nikasema sina maana. Nikasema mwili wa mwanamichezo mstaafu ungegoma kwenye glasi ya pili. Akasema kesho atakunywa na mimi, glasi kwa glasi, na atamaliza kwanza. Mke wangu alitutazama akasema jamani, watu wazima! Lakini macho yake yalilowa. Alidhani kaka yake ananipa moyo. Nimenunua pakiti ya pili duka la dawa, ile ile, kipimo kile kile.

Tumbo lake likiwa tupu, na yuko hospitali, na kamera ipo, haitashindikana kumsukumia ndani. Namna ya kumsukuma nitaifikiri njiani.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Akili yangu ilisahau jambo moja. Nyumba ina choo kimoja.

Shemeji alimaliza jagi kwanza. Alipuliza filimbi. Kisha tukatazamana, tukasikia wote wawili kwa pamoja. Yeye amefundisha mbio miaka yote, mimi nimesimama nyuma ya gogo. Matokeo yalijulikana kabla ya kuanza. Aliingia, akafunga mlango, na mimi nikabaki nje napiga mlango na kutaja majina ya wazazi wake.

Sikuwa na njia. Nikavuka ukuta kwa muuza mboga. Mimi, kwa yule mama, nimejikunja kama mundu, kumwomba choo! Hakuuliza kitu. Alinipa ndoo na ufunguo. Nilikwenda huko mara nyingi kiasi cha kuacha kugonga. Mara ya mwisho akanipa maji ya kunywa na kuniambia nisiogope, marehemu mume wake alikataa kwenda kupima, angekwenda angekuwepo.

Sikujua hilo. Miaka yote hii najua bei ya mchicha wake tu.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Naandika kwa hasira.

Tulifika hospitali watatu. Mimi, mke wangu, na shemeji aliyeng'ang'ania kuja ili daktari athibitishe nani alisafika vizuri zaidi. Nilivalishwa gauni lisilo na nyuma. Lisilo na nyuma kabisa! Kitambaa kiliwaishia mbele. Nikalazwa kwenye kitanda chenye magurudumu. Daktari kijana akaniambia nitapewa dawa ya usingizi, sitasikia kitu, na wakikuta ni safi hawatanisumbua tena kwa miaka mingi.

Nikiwa nimelala pale nikaona jambo lote lilivyo jepesi. Naingia. Natoka safi. Narudi mtaani na karatasi ya hospitali kubwa. Nesi ananyamaza, foleni inarudi kwangu. Shemeji naye anakwenda nyumbani na filimbi yake, na hakuna atakayejua kitu kamwe. Nilichotakiwa kufanya ni kufumba macho tu.

Nyuma ya pazia nikamsikia anamwambia dada yake asilie. Anamwambia mumeo ana roho ngumu, na jambo lolote likitokea mimi nipo, hutabaki peke yako, lini nimewahi kukuacha peke yako.

Laana! Angesema kitu kingine. Angenikejeli tumbo langu, ningelala usingizi wangu.

Nikashuka kitandani. Nikatoka kwenye pazia nimeshika gauni kwa nyuma kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine nikamwonyesha shemeji. Nikasema kile kichupa si changu. Ni cha huyu. Nilibadilisha vibandiko. Damu ni yake, mwingizeni yeye! Nilisema kwa sauti ya bucha kwa sababu nyingine sina. Korido nzima ilisikia. Mgonjwa mmoja mwenye mguu wa bandeji akasema lo.

Shemeji alikaa chini taratibu. Hakunitukana. Aliuliza tu, kwangu? Mke wangu aliniuliza nimejua tangu lini. Nikasema tangu Jumamosi. Akasema siku zote hizi, na mimi nakufunika miguu.

Kisha daktari akanifokea. Mtoto yule! Alisema utumbo wa mtu si wa kubandikiwa jina jingine. Akasema bahati pekee ni kwamba shemeji amefika tumbo tupu. Nikamwambia hiyo si bahati, hiyo ni mipango yangu. Hakutaka kusikia. Shemeji akakubali, wakamwingiza.

Walikuta vivimbe viwili. Kimoja kidogo, kimoja kikubwa kama ncha ya kidole gumba. Wamevikata vyote viwili humo humo na kuvipeleka maabara. Mke wangu alirudi nyumbani amekaa viti vya mbele vya daladala na kaka yake. Mimi nyuma, na begi la nguo.

Jumatano, tarehe 20 Machi

Majibu ya vivimbe yamerudi. Kile kikubwa kilikuwa kimeanza kubadilika, lakini kimewahiwa, kimetoka chote. Daktari amesema kingeachwa mwaka au miwili tungekuwa tunazungumza lugha nyingine. Shemeji atachunguzwa tena kila atakapoambiwa. Kisha akaomba karoti.

Nilifurahi. Nilikwenda nyuma ya friji la bucha nikalia, sijui kwa nini nyuma ya friji.

Lakini hebu tuseme haki. Nani kamwokoa? Nani alimnywesha jagi? Nani alisimama koridoni na gauni lisilo na nyuma? Hakuna hata mmoja aliyesema ahsante! Mke wangu anasema nisingegusa vibandiko, kaka yake angeitwa siku ile ile na nesi, bila vituko. Hiyo ni njia ya kutazama mambo ya mtu mwenye kinyongo. Mtaani wananiita Bwana Kibandiko. Nesi ameambiwa. Amesema kichupa changu hakina maana tena, hakuna anayejua nilichanganya nini na nini, nipime upya. Kwa hiyo majibu yangu safi, niliyoyapata kwa jasho, yamefutwa!

Jumamosi, tarehe 23 Machi

Jana nesi alikuja nyumbani mwenyewe na vichupa. Kimoja changu. Kingine cha mke wangu.

Amesema ndugu wa kuzaliwa wa mtu aliyekutwa na kivimbe kama kile yumo hatarini zaidi, hivyo mke wangu naye ataingizwa kamera. Ila foleni ya hospitali ni ndefu, ya miezi. Kwa sasa apime kichupa. Kikiwa na damu, watamvusha mbele ya foleni. Mke wangu aliitikia bila wasiwasi. Ana miaka arobaini na minane, hajawahi kuugua hata mafua ya maana. Shemeji alimwambia usiogope, yeye mwenyewe hakusikia kitu.

Kwangu mimi mambo ni magumu zaidi, na hakuna anayeyafikiria. Fundi wa rangi ameshamaliza kibao cha bucha: MMILIKI AMEPIMWA, MZIMA. Rangi imekauka. Wateja wameanza kurudi kidogo kidogo, na muuza mboga amenisalimia kwanza, mara mbili. Sasa kichupa kipya kikileta maneno? Cha kwanza kilikuwa safi, ndiyo. Lakini hicho kilikuwa kabla ya wiki hizi za mawazo, na mawazo yanaharibu tumbo, kila mtu anajua.

Mke wangu amemaliza kipimo chake asubuhi na amekificha. Amemficha nani? Mume wake! Katika nyumba yake! Imeniuma sana. Nilikikuta kwenye droo ya cherehani, chini ya vitambaa, jina limeandikwa vizuri, kibandiko hakijashika sawasawa upande mmoja.

Nimefikiri kwa utulivu, si kama mara ile. Huyu ni mwanamke mzima wa afya, si mtu wa kukimbia hovyo mpaka anakonda. Na kikionekana kitu, nitasema mara moja. Siku hiyo hiyo. Au kesho yake.

Ameniita kutoka jikoni, ameuliza natafuta nini kwenye cherehani. Nimemwambia kifungo. Safari hii nina uzoefu.